Jasho si Ushahidi: Mapigo ya Moyo kwa Mwanamke Anayekoma Hedhi

Hotuba ya muuguzi wa zahanati ya polisi mbele ya wafanyabiashara, wazee na askari katika baraza la polisi na jamii, mpakani Busia



Katika baraza hili tumezoea kuzungumza juu ya wizi wa mifugo, magendo, watoto wanaovushwa bila wazazi wao na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Leo nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya moyo wa mwanamke. Huenda mzee mmoja akauliza: polisi na moyo wa mwanamke, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, nami nitaanza kwa kulijibu.

Askari anayesimama penye kizuizi hufundishwa kumtazama msafiri kabla ya kuutazama mzigo wake. Jasho usoni ilhali hewa ina baridi, mikono inayotetemeka, pumzi za haraka, kiganja kilichowekwa kifuani, macho yanayotafuta pa kuketi: hayo yote huhesabiwa kuwa dalili za mtu mwenye jambo la kuficha. Lakini dalili hizo hizo ndizo zinazompata mwanamke wa miaka 45, 50 au 53 ambaye hedhi yake inakoma. Ameamka kabla ya jogoo, amebeba mahindi, samaki au mitumba, amesimama juani, na ghafula moyo wake unaanza kwenda mbio kana kwamba amekimbizwa, naye hajakimbizwa na mtu.

Hapo huzaliwa hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu asiye na hatia hushukiwa. Ya pili ni kubwa zaidi. Mwanamke mwenyewe, kwa kuogopa kushukiwa, kuchekwa au kuambiwa amezeeka, hujifunza kunyamaza. Na siku dalili hiyo itakapotokana na ugonjwa wa kweli, atakuwa amekwisha kuzoea kunyamaza. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa hiyo neno langu la leo ni moja. Moyo unaodunda katika umri huu mara nyingi hauna hatari. Lakini hakuna awezaye kulijua hilo kwa kukisia. Upimwe, ijulikane, kisha mwenyewe aishi kwa amani.

Ni nini kinachotokea mwilini

Kukoma hedhi si ugonjwa. Ni mpito wa maisha, kama kubalehe kulivyokuwa mpito. Wanawake wengi hufikia mpito huo kati ya miaka 45 na 55. Tunasema hedhi imekoma pale zinapotimia siku za miezi 12 mfululizo bila mwanamke kuiona, pasipo mimba, kunyonyesha wala dawa iliyoizuia. Hata hivyo mabadiliko huanza mapema zaidi, pengine miaka kadhaa kabla. Hedhi hukosa mpangilio: mwezi huu huja mara mbili, mwezi ujao isionekane, mara iwe nyepesi, mara iwe nzito mno. Hiyo ndiyo miaka ambayo moyo huanza kusikika.

Nasema kusikika kwa makusudi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, usiku na mchana, naye hausikii. Anapoanza kuusikia, husema moyo unadunda, unapapatika kama ndege mkononi, unaruka pigo moja, au unapiga hadi kooni. Wapo wanaouhisi kifuani, wapo wanaouhisi shingoni au masikioni wanapolaza kichwa mtoni. Maneno yanatofautiana; jambo ni moja.

Sababu yake ni hii. Ovari za mwanamke hutoa homoni iitwayo estrojeni. Homoni hiyo haifanyi kazi katika mfuko wa uzazi tu. Hugusa pia mishipa ya damu, mishipa ya fahamu inayouongoza mwendo wa moyo, na sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Katika miaka ya mpito, estrojeni hupanda na kushuka bila utaratibu, kisha hushuka na kubaki chini. Ubongo huanza kudhani mwili umepata joto kupita kiasi hata kama joto lenyewe ni dogo. Huamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho litoke, na moyo huongeza mwendo wake. Ndipo mwanamke huona fukuto likipanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho likimtiririka, na moyo ukienda kasi. Kwa kawaida hali hiyo hudumu dakika chache, kisha hupita na kumwacha akihisi baridi.

Usiku mambo ni yale yale. Fukuto humwamsha, moyo ukidunda, shuka zikiwa zimelowa. Akikosa usingizi siku tatu, siku ya nne mwili wake huwa mwepesi wa kushtuka, na moyo hudunda kwa jambo dogo. Hapo ndipo wengine huanza kusema amerogwa, au kuna mtu anayemtembelea usiku. Nawaomba wazee wetu mlishike jambo hili kwa uzito. Jirani asiye na kosa asije akashtakiwa uchawi, wala nyumba yake isije ikachomwa, kwa sababu ya mabadiliko ya homoni ambayo kila mwanamke mwenye kuishi umri mrefu atayapitia.

Si kila mdundo ni wa hedhi

Sasa nifike kwenye upande wa pili wa neno langu. Yapo maradhi yanayojificha nyuma ya umri huu. Mwanamke huambiwa, "Hayo ni mambo ya utu uzima, yatapita," kumbe mwilini mna jambo linalotibika. Nitataja yale tunayoyaona mara kwa mara katika nchi zetu.

La kwanza ni upungufu wa damu. Katika miaka ya mpito hedhi inaweza kuwa nzito hata mwanamke akalazimika kubadili pedi au kitambaa kila saa, akatoa mabonge ya damu, au akaendelea kutoka damu kwa zaidi ya siku saba. Ongeza malaria na minyoo, na damu hupungua taratibu bila kelele. Moyo hulazimika kuizungusha haraka damu chache iliyopo. Dalili zake ni kuchoka, kuhema anapopanda mlima mdogo, kizunguzungu, na weupe wa viganja, ulimi na ndani ya kope.

La pili ni tezi iliyo mbele ya shingo. Ikifanya kazi kupita kiasi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, jasho hutoka, na mtu hukonda ingawa anakula vizuri. Tazama jinsi dalili hizo zinavyofanana na za kukoma hedhi. Wengine huota rovu, wengine hawaoti, hivyo kukosa uvimbe si hakikisho la usalama.

La tatu ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu huliita presha. Presha huweza kukaa miaka mingi bila maumivu yoyote, nayo huwa ya kawaida zaidi baada ya hedhi kukoma.

La nne ni moyo kupoteza mpangilio wake kabisa, ukapiga ovyo ovyo bila mdundo unaotabirika. Moyo wa namna hiyo huweza kuiacha damu ikaganda ndani yake. Bonge likipanda ubongoni, huleta kiharusi. Hali hii hutibika, na kiharusi huweza kuzuiwa kwa dawa, ila sharti igunduliwe mapema.

La tano ni vali za moyo zilizoharibika tangu utotoni. Mtoto huugua koo, kisha hupata homa ya viungo, kisha hupona na jambo husahaulika. Miaka 30 au 40 baadaye, vali iliyobaki na kovu huanza kuulemea moyo.

Yapo pia yale tunayoyameza wenyewe. Chai ya rangi iliyokolea, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa katika chupa ndogo stendi, mairungi, sigara, waragi na pombe nyinginezo: vyote vinaweza kuuchochea moyo. Dawa nyingine pia hufanya hivyo, kama vile dawa za kufungua mafua na baadhi ya dawa za pumu. Usiache dawa ya pumu kwa sababu ya maneno yangu, mweleze aliyekuandikia.

Hali kadhalika hofu na majonzi huukimbiza moyo. Mwanamke aliyefiwa, anayepigwa nyumbani, au aliyeikimbia vita akavuka mpaka usiku na watoto mgongoni, moyo wake una haki ya kushtuka. Lakini asifukuzwe kituoni kwa kuambiwa ni mawazo tu. Mawazo nayo yana tiba, na hata mwenye mawazo anaweza kuwa na upungufu wa damu.

Jinsi ya kuutambua moyo wako

Nataka kila mama aliyeketi hapa aondoke akijua kuhesabu mapigo yake. Keti, tulia dakika tano. Geuza kiganja juu. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba kuhesabia, kwa sababu kina mpigo wake kinachoweza kukudanganya. Tazama saa ya simu, hesabu kwa dakika nzima. Zingatia mambo mawili: idadi, na mpangilio. Je, mapigo yanakuja kama hatua za askari gwarideni, au kama mahindi yanayopasuka sufuriani?

Kisha andika. Daftari lile lile la matibabu mnalolibeba kwenda kituo cha afya linatosha. Andika tarehe, saa, ulikuwa ukifanya nini, moyo ulianza ghafula au taratibu, ulidumu dakika ngapi, ulipiga mara ngapi, ulikuwa na fukuto au hukuwa nalo, ulikunywa nini kabla yake, na hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini. Ukifika kwa mtabibu na huna maneno ya kueleza, gonga mezani kwa kidole jinsi moyo wako ulivyopiga. Ataelewa mengi kwa kusikiliza.

Kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kuanza kazi. Upimwe presha, mapigo, wingi wa damu, sukari na malaria. Na ikiwa kuna uwezekano wa mimba, hiyo nayo ipimwe. Kutoka hapo, ikihitajika, utaelekezwa hospitali kwa kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha tezi ya shingo. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi: unalala kitandani, unabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na karatasi huchorwa kwa muda mfupi. Endapo moyo umetulia siku ya kipimo, usivunjike moyo. Ndiyo maana tumekuomba uandike daftari.

Jambo moja nalitenga peke yake. Mwanamke ambaye amekaa miezi 12 bila hedhi, kisha akaona damu hata tone, aende kupimwa bila kuchelewa. Asidhani ujana umerudi. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi au ya mfuko wa uzazi, na mapema yake ndiyo uhai wake.

Dalili zisizongoja kesho

Nendeni hospitali saa hiyo hiyo ikiwa moyo unaodunda umeambatana na lolote kati ya haya: maumivu au kubanwa kifua, hasa yakienea mkononi, mgongoni au kwenye taya, kukosa pumzi, kuzimia au kukaribia kuzimia, mdundo wa haraka sana, zaidi ya mapigo 120 kwa dakika, usiotulia baada ya kupumzika, mdundo unaoanza katikati ya kazi nzito, uso kupinda, mkono kulegea au maneno kugongana. Mwanamke mwenye shambulio la moyo si lazima ashike kifua na kuanguka kama tuonavyo katika filamu. Wakati mwingine huona kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida na kuhema tu. Na yule ambaye nduguye wa damu alikufa ghafula akiwa kijana, aliseme hilo mapema kwa mtabibu.

Vijana wangu wa bodaboda, sikilizeni. Mgonjwa aliyezimia au anayekaribia kuzimia asipandishwe pikipiki peke yake nyuma yako, atadondoka. Tafuteni gari, au aketi katikati huku mtu mwingine akimshika kwa nyuma, ikiwa hakuna njia nyingine kabisa. Piga simu polisi namba 999, inayotumika Uganda na Kenya pia, nasi tutasaidia kutafuta njia.

Aliyezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu, mlegeze nguo, msongamano uondoke. Asiyeitika wala kupumua kawaida, mlaze chali juu ya sakafu ngumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Usimmwagie kitu kinywani.

Kuutuliza na kuutunza

Moyo ukianza kudunda na hakuna dalili yoyote ya hatari niliyoitaja, fanya hivi. Weka mzigo chini. Keti kivulini. Legeza kilemba na nguo iliyobana. Vuta pumzi polepole kwa pua hadi tumbo lipande, ukihesabu moja hadi nne. Itoe polepole zaidi, ukihesabu moja hadi sita. Rudia kwa dakika tano. Pumzi sita hivi kwa dakika huiambia mishipa ya fahamu kwamba hakuna adui. Kunywa maji baridi kidogo, nawa uso. Mara nyingi mdundo utapita kabla hujamaliza.

Kisha tazama mwenendo wa siku zako. Punguza chai ya rangi na kahawa, hasa kuanzia saa nane mchana. Wala usinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Kwa damu, tuna utajiri mezani: dagaa, ambao upande wa Uganda huitwa mukene na upande wa Kenya omena, maharagwe, maini na mboga za majani, ukila na chungwa au ndimu ili chuma kipokelewe vizuri. Punguza chumvi. Tembea kwa mwendo wa haraka kiasi walau dakika 30 siku nyingi za juma. Na ninyi mnaotembea kwa biashara tayari mmeanza, ila mzigo usizidi nguvu. Lala chumba chenye hewa, ndani ya chandarua, na uvae nguo nyepesi za pamba.

Juu ya dawa, naomba uangalifu. Wapo wanawake wanaomeza vidonge vya presha vya mume au vya jirani ili kutuliza moyo. Baadhi ya vidonge hivyo hupunguza mwendo wa moyo, lakini vinaweza kumbana pumzi mwenye pumu, na kumwangusha ambaye presha yake iko chini. Na yule aliyeandikiwa kihalali asiviache ghafula kwa kuona amepona. Moyo huweza kurudi kwa ghadhabu. Wapo pia wachuuzi wanaopita masokoni na chupa zisizo na jina, wakidai zinasafisha damu na kurudisha ujana. Chupa isiyosema ndani mna nini, usiinywe, tupeni habari.

Dawa za kurudisha homoni zipo, na kwa baadhi ya wanawake hupunguza fukuto kwa kiasi kikubwa na kurudisha usingizi. Hazimfai kila mtu. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, bonge la damu, kiharusi au ugonjwa wa ini, na anayetoka damu isiyojulikana sababu, kwa kawaida hapewi. Ni daktari wa kuamua pamoja nawe, baada ya kupima. Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI aseme wazi, kwa maana dawa nyingine hugongana.

Wala tusisahau: hedhi inayoruka si kinga ya mimba. Mwanamke wa chini ya miaka 50 huendelea kujikinga kwa miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho, na aliyezidi miaka 50 kwa mwaka 1. Mimba nayo huudundisha moyo.

Kwa sababu tunaishi nchi mbili kwa siku moja, nina ushauri mmoja wa mpakani. Ukitibiwa upande mmoja, beba daftari lako unapovuka. Hakikisha limeandikwa jina la dawa yenyewe na kipimo chake, si jina la kiwanda peke yake. Dawa ile ile huuzwa kwa majina tofauti huku na kule, na wapo wanaomeza dawa moja mara mbili wakidhani ni mbili.

Kwa waume, watoto na askari

Waume zetu, mwanamke anayeamka usiku akifungua dirisha hamkimbii mtu. Anayeomba alale kando hajapata mwingine. Ugomvi kadhaa unaoletwa mbele ya dawati la polisi huanzia katika kutoelewana kwa namna hii. Muulize, msikilize, msindikize kupimwa. Nauli ya kwenda kituo cha afya ni ndogo kuliko gharama ya kuchelewa. Nanyi watoto wakubwa, mama yenu anapotaka kuketi, mchukulieni mzigo bila kungoja kuombwa.

Maafande wenzangu, namalizia nanyi. Sisemi kwamba kila anayetoka jasho aachwe apite; kazi ya kulinda mpaka ni amana tuliyokabidhiwa na wananchi hawa hawa. Nasema kwamba jasho si ushahidi. Ushahidi umo ndani ya mzigo na katika karatasi, nao hautakimbia kwa dakika tano. Mwanamke akishika kifua mbele yako, kwanza muulize, "Mama, u mzima?" Mpe kiti na kivuli. Mpe maji. Mtazame kwa dalili za hatari nilizozitaja. Ukiziona, kazi ya kwanza ni kuokoa uhai, na ukaguzi utafuata. Usipoziona, mwache atulie, kisha mkague kama unavyomkagua mwingine. Na ikilazimu kumpekua mwilini, sheria za mwenendo wa makosa ya jinai, za Uganda na za Kenya, zinasema jambo moja: mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Ambaye haulizwi kwa ukali hana sababu ya kuogopa kusema, "Afande, moyo wangu unakwenda mbio, naomba niketi." Sentensi hiyo fupi inaweza kuwa ndiyo inayomfikisha hospitali akiwa hai.

Mama zetu, isemeni. Isemeni nyumbani, sokoni na kizuizini, na muiseme mbele ya mtabibu pasipo haya. Meza ya kupimia presha na mapigo imewekwa pale chini ya mwembe, upande wa kushoto wa turubai. Hakuna malipo, wala hakuna atakayeulizwa anatoka upande gani wa mpaka. Anayetaka kuzungumza faraghani, tupo wauguzi wawili wanawake chumba cha ndani hadi saa kumi jioni.